Kabaila wa Ulaya kwenye Tope la Mbuchi

Hakuna kitu cha duniani kingeweza kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne, nikaanza na tenga la kaa kichwani. Leo mashine ya kukoboa mpunga hapa Mbuchi ni yangu, na boti ya faiba yenye injini kubwa kuliko zote ni yangu. Waulize watu.

Asubuhi ile nyoka, kifutu, alimuuma binti yangu mguuni, shambani. Muuguzi wa zahanati akasema dawa ya sumu iko hospitali, Kibiti. Tuwahi, na njiani nimsemeshe asilale. Wavuvi wakanikataza boti: maji ya bamvua yanakupwa, mkondo utakauka, chukua mtumbwi. Nikawaambia mtumbwi ni wa maskini. Nikampakia binti, nikawasha injini kuelekea bandari ya ng'ambo.

Sasa nimsemeshe nini? Nikamwuliza wanasoma nini shuleni. Akasema historia, kabaila mmoja wa Ulaya, zamani hizo.

"Haya, nihadithie."

Kabaila huyo alirithi jimbo akiwa na miaka tisa. Baba yake mdogo akatawala badala yake, na kijana alipokua akamfukuza kwa upanga.

"Karithi huyo," nikasema. "Mimi nilirithi nini? Jembe bovu."

Akatabasamu. Mguu umevimba mpaka gotini, ngozi inang'aa.

Akaendelea, sauti inapungua. Kabaila alijenga ngome ya mawe. Wakulima wake hawahami bila ruhusa yake, wala hawasagi ngano ila kwenye kinu chake, na kila gunia anakata fungu lake. Kesi zao anaamua yeye, faini anakula yeye.

"Kama wewe, Baba. Ila kinu chako kinakula dizeli."

Boti ilisimama. Mkondo umekauka, injini inatifua tope jeusi. Nikaruka nisukume, nikazama mpaka kiunoni. Simu haina mtandao.

"Kisha ikawaje, mwanangu?"

"Wakamteka vitani. Wakamfungia mnarani, miaka."

"Nani akamtoa?"

Amefumba macho. Nikamtikisa, nikauliza tena, nikauliza tena.

Akatokea mkata mikoko, mtumbwi wake anausukuma kwa pondo kwenye maji yasiyofika gotini. Nikamwambia chukua injini, chukua boti, chukua na mashine, niokolee mtoto.

Akaupima mtumbwi kwa macho. "Unabeba mgonjwa na mimi, bosi. Wewe utabaki."

Nikabaki. Nililia kwa sauti, mimi huyu, na mikoko inanitazama. Nilipochoka kumwita Mungu nikamwuliza yule kabaila mnarani nani alimtoa, maana hapakuwa na mwingine wa kumwuliza. Maji yakarudi alasiri, boti ikaelea.

Bandarini nilimkuta mkata mikoko ameketi, ananisubiri. Akasema bodaboda aliyempeleka mtoto kapiga simu: mtoto kafika Kibiti, kachomwa dawa, anaongea. Nikamkabidhi bunda zima la noti. Akahesabu taratibu, nauli ya mtumbwi elfu tatu, ya bodaboda aliyomlipia mtoto elfu ishirini, akachomoa zake, zilizobaki akanisokomezea mfukoni mwenye tope. Shilingi elfu ishirini na tatu.