Simu Iliyokoroma Kila Alhamisi

Nikimenya tangawizi mbichi, vidole vikianza kuwasha, nairudia sebule yetu ya Same na ile simu ya mezani iliyokoroma kila Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku shangazi, dada yake baba, aliyoshuka kutoka Myamba na magunia ya tangawizi iliyotoka kuoshwa. Aliyaegemeza ukutani sebuleni, akalala kwetu kusubiri soko la kesho yake. Chumba chake kilikuwa na simu ya pili, ya laini hiyohiyo. Jioni moja mama akizungumza na mdogo wake, mkoromo ukaanza, kama mafuta yanayokaanga kitu mbali. Akaziba simu kwa kiganja.

"Wifi ananisikiliza. Kamchungulie, ameishika?"

Nilichungulia. Shangazi alikuwa kitandani, anakanda magoti. Simu ilikuwa mahali pake. Lakini mama alishakuwa na jibu lake usoni, nami nikampelekea hilohilo.

"Ameishika."

Sijui waliambiana nini. Asubuhi shangazi aliondoka na basi la kwanza bila kunywa chai, magunia akayaacha.

Fundi wa simu alipokuja, aliyavuta. Nyuma ya magunia kulikuwa na kiboksi cha nyaya, kimelowa maji ya tangawizi, shaba imegeuka kijani.

"Ni unyevu tu, mama. Magunia yakiondoka, inatulia."

Akakikausha, akampa mama simu asikilize. Haikukoroma.

Mama aliishikilia sikioni muda mrefu, huku ananitazama mimi.