Mtandio Ambao Mama Hakuufua

Kila anayekuja kutupa pole lazima aseme mama yangu alikuwa msafi. Nawaitikia tu, nasema asante, karibu ukae. Lakini jamani, ule haukuwa usafi, ule ulikuwa ugonjwa! Ukimtembelea una doa kwenye kola, anakusalimia vizuri, anakuuliza habari za nyumbani, na macho yote yako kwenye doa. Mwisho wake unavua shati unampa, unakunywa chai ukiwa na fulana. Mtaa mzima walimwita Mama Pasi. Hata mwenye nyumba wetu, ambaye hana utani na mtu, alimwita hivyo hivyo.

Alikuja nchi hii akiwa msichana, yeye na baba, na mimi nikiwa tumboni. Kwao kulikuwa kumeharibika, watu wanakimbia na walichoshika mkononi. Mama yake alikataa kuondoka. Alisimama mlangoni, akavua mtandio mabegani, ule wa kahawia aliokuwa amepikia asubuhi ile, akamfunika mwanawe. Akamwambia, "Njiani kuna baridi. Utanirudishia ukija." Mama akasema haya. Waliagana hivyo, kama watu wanaoonana tena jioni.

Hakurudi. Kwanza hakuwa na makaratasi, halafu mpaka ukafungwa, halafu baba akafa kwa kifua na mimi bado nanyonya. Mama akaanza kufua nguo za watu majumbani, mimi mgongoni, mpaka akapata chumba kinachotazama barabara akafungua udobi wake. Mbele palikuwa na kaunta ya mbao na rafu, nyuma mabeseni na meza ya pasi, uani kamba. Mwanzoni tulilala chini ya ile meza. Hadi leo nikisikia mvuke wa pasi macho yananiwia mazito.

Habari za kifo cha bibi aliletewa na mwanamke wa kwao aliyekuja kufuliwa mashuka. Yule mwanamke alidhani mama anajua, akasema tu, "Pole na msiba, ingawa umeshapita." Ulikuwa umepita kweli, wamezika zamani. Mama akamaliza kupiga pasi yale mashuka, akayakunja, akampa kwa mikono miwili. Kisha akaenda uani akaanua nguo zilizokuwa safi kabisa, akazitia kwenye beseni akaanza kuzifua upya. Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani amekosea.

Sheria pale dukani ilikuwa moja: nguo haitoki mkononi mwako kwenda mkononi mwa mtu ikiwa chafu. Hata ya adui yako. Mama akikuazima kitambaa cha kufutia kamasi, kimefuliwa na kimenyooshwa. Alinilea hivyo, na nilipozaa binti akamlea hivyo hivyo. Mwanangu alijua kusuuza soksi kabla hajajua kufunga viatu. Bibi na mjukuu wakawa chanda na pete, wanaitana mke mwenza, wanagombania nani anajua zaidi kutoa doa la chai. Mimi katikati yao nilikuwa mgeni tu.

Na huyo huyo Mama Pasi alikuwa na nguo chafu chini ya kitanda.

Nilimfumania nikiwa msichana. Amevuta sanduku lake la bati, amefungua mfuko wa nailoni uliokazwa fundo, uso wote ameuzamisha ndani ya mtandio wa kahawia. Akavuta pumzi moja. Akafunga haraka, mbio mbio, kama anayefunika chungu.

"Mama, mbona hujaufua?"

"Huu haufuliwi."

"Unanuka moshi."

"Ndiyo. Moshi, mafuta ya nywele, na jasho lake. Nikiufungua ovyo harufu itaisha. Na wewe funga mdomo wako, dobi mzima nitachekwa."

Nikafunga mdomo. Sikumwambia mtu, hata mwanangu.

Mwaka huu miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuhema. Tukampeleka hospitali, wakamlaza wodi ya wanawake, kitanda cha ukutani. Daktari akanivuta korido akaniambia moyo umechoka, hakuna cha zaidi. Nikarudi nimejipangusa uso, najifanya nacheka. Mama akanitazama. "Usinichekee, sura yenyewe hiyo," akasema. Akanishika mkono, ana nguvu huwezi kuamini.

"Niletee mtandio wa mama."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Uso wake umenipotea, mwanangu. Nafumba macho namtafuta, simwoni. Imebaki harufu tu. Nataka nimpate kabla sijaenda."

Ningeondoka vipi, na mkono hauachii? Nikampigia simu binti yangu, yuko dukani. Nikamwambia sanduku la bati, mfuko wa nailoni, mtandio uliomo bibi anautaka, fanya upesi. Akasema sawa mama. Muuguzi alikuwa ananitolea macho, nikakata.

Tukasubiri. Mama anauliza, "Kafika?" Nasema yuko njiani. Anasinzia, anashtuka, "Kafika?" Chakula cha mchana kikaletwa kikaondolewa. Roho yangu iko juu, pumzi za mama nazisikia zinavyokuwa fupi, na huku nimeshaanza kuchemka: huyu mtoto amekaa anapiga soga na wateja! Simu napiga, hapokei. Nikaapa akija nitamchamba mbele ya wodi nzima.

Alitokea saa za kuwaona wagonjwa zinakaribia kwisha. Amevaa gauni zuri, amebana nywele, na mkononi ana kifurushi cha karatasi, pembe zimekunjwa vile tunavyowakunjia wateja. Ebo! Kabla hajafika kitandani harufu ya sabuni ilikuwa imeshafika.

"Shikamoo bibi. Nisamehe nimechelewa, nilikuwa nasubiri ukauke." Anacheka, masikini, anahema. "Ulikuwa na madoa sugu hayo! Mafuta yameganda, moshi umeingia mpaka kwenye nyuzi. Nimeuloweka, nikabadilisha maji, nikauloweka tena. Ningekuleteaje vile, na wewe mgonjwa? Haya mke mwenzangu, tazama kazi."

Akampa kwa mikono miwili.

Mama akauweka usoni. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akaugeuza upande wa pili. Akaanza kuupitisha puani polepole, pindo lote, pembe hii, pembe ile, mahali nyuzi zilipokutana, anarudia palepale alipopita. Mikono ikasimama.

Nikafungua mdomo. Akanitupia jicho moja tu, lile alilokuwa akinitupia mteja akitutukana mbele ya kaunta: kimya.

"Nani alikufundisha kufua hivi?" akamwuliza mtoto.

"Si wewe, bibi?"

"Basi nilifundisha vizuri." Akampapasa shavu. "Hata doa moja halijabaki. Nenda kaniletee maji, mama."

Mtoto akaondoka anaruka kwa furaha. Mama akauweka mtandio pembeni ya mto, akageukia ukuta.

"Hayumo," akasema. "Nimemtafuta, hayumo. Usimwambie mtoto."

Maji yalipokuja hakuyanywa. Hakuomba kitu tena, kwangu wala kwa mtu mwingine, na kesho yake asubuhi akafa vilevile, ametazama ukuta.

Sasa nyumba imejaa watu, na kila anayeingia binti yangu anamsimulia. Jinsi bibi alivyomwagiza mtandio wake, yeye alivyoufua ukang'aa, bibi alivyomsifia. Ndilo neno la mwisho aliloambiwa na bibi yake, ataacha kulisema? Watu wanamwambia Mungu akubariki, umemuaga vizuri. Mimi napita na birika la chai, namimina, nyingine inamwagika kwenye mikeka, sina hata hamu ya kufuta.

Leo mchana alinifuata chumbani, macho mekundu, ameshika mfuko wa nailoni umekazwa fundo.

"Mama, nimeuweka humu. Nusa kidogo tu, halafu nifunge. Sabuni yake ile ile, pasi yake. Ni bibi mtupu. Huu sitaufua tena, nisije nikampoteza."

Akafungua fundo, nikanusa. Nikamwambia haya, funga. Kisha nikaenda uani, nikaanua mashuka ya wateja yaliyokuwa safi, nikayatia kwenye beseni.