Sombe Iliyoachwa Kinuni

Du, du-du. Sauti hiyo naikumbuka kuliko zote: mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, alasiri ya siku ya kawaida kwetu Kivu, Kongo. Nilikuwa na miaka saba. Mdogo wangu Neema aliokota majani yaliyoruka nje ya kinu, mama akimfukuza kwa mguu, wote wawili wanacheka.

Wanawake wa kwetu walikuwa na kawaida yao. Anayeona wenye silaha kwanza anaacha kutwanga. Jirani akisikia kimya, naye anaacha. Kijiji kikinyamaza, unakimbia.

Siku ile vinu vilinyamaza kimoja kimoja, kuanzia mtoni.

Cha mama hakikunyamaza.

"Furaha, shika mukono ya Neema. Mupite kwa mihogo. Musigeuke nyuma."

"Na wewe?"

"Mimi natwanga. Wakisikia kinu, hawatatafuta aliyekimbia."

Tukaingia mihogoni. Kati ya mashina niliona buti. Niliona bunduki, kitako chake cha mbao kimechakaa kama mpini wa jembe.

Nyuma yetu: du, du-du.

Halafu basi.

Risasi sikusikia. Mpaka leo sijui mama alipatwa na nini, na aliyejua hakutufikia kambini Tanzania.

Sasa naishi Marekani, mji wa Riverdale Park, nahudumia wazee, na nina ndoto ya kufungua mgahawa wa sombe pale barabara kubwa. Usinicheke. Jumamosi huwa naenda darasa la mtihani wa uraia, kwenye chumba cha chini cha kanisa. Juzi tulifika kwenye Vita Baridi. Swali: Marekani ilihofia nini? Jibu ni neno moja, ukomunisti. Mimi nikataka kujua ugomvi wenyewe ulianzaje.

Mama Upendo, mwalimu wetu Mtanzania, akaeleza. "Kwenye vita vya pili vya dunia, Marekani na Urusi walipigana upande mmoja. Adui yao alipoanguka, wakaanza kutazamana kwa shaka. Huyu anasema kila mtu awe na mali yake, yule anasema viwanda na mashamba ni vya serikali. Kila mmoja akaogopa mwenzake ataichukua dunia. Kupigana wenyewe hawakuthubutu, mabomu yao yangewamaliza wote. Basi wakagawa bunduki kwa watu wengine, mpaka kwetu Afrika."

"Walipomaliza ugomvi, mwalimu, walizirudisha?"

Wanjiku, Mkenya tunayekaa naye benchi moja, akanisukuma. "Aki Furaha! Kwani bunduki ni sufuria ya harusi?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Mama Upendo aligeuka, akafuta ubao polepole.

Bunduki ile ya kitako cha mbao sijui ilitoka kwa nani kati ya wale wawili. Nilidhani nikielewa mwanzo wake, kitu kitauma au kitapoa. Wapi. Mama hakuwa wa huyu wala wa yule. Alikuwa na kinu.

Neema anasomea unesi, wala hakumbuki kabisa kinu cha mama. Sisi wawili tupo, mama hayupo. Siwezi kuyaweka hayo pamoja nikasema yamelingana.

Sombe huwa nanunua iliyosagwa, ya kugandishwa. Juzi hiyo, baada ya darasa, nilipata majani mazima. Nikaweka kinu changu kidogo cha vitunguu saumu juu ya blanketi, jirani wa chini asilalamike.

Halafu nikaliondoa blanketi, kinu kisikike. Nikatwanga mpaka majani yakalainika kabisa.

Ndipo nikaacha.