Goti la Tusajigwe Kwenye Kompyuta

Tusajigwe wa Bujonde alikuwa na magoti mawili ya kulia. Moja alitembea nalo, na lilimuuma. La pili lilikaa ndani ya kompyuta ya Leonce, mtafiti wa chuo kikuu, na hilo halikuwa na shida yoyote.

La kwanza lilichakaa kwenye majaruba ya mpunga. Hospitali ilipolipiga picha kwa ile mashine inayolikata goti vipande kama mkate bila kumwaga damu, Leonce aliomba azitumie. Kutokana na picha hizo akajenga goti la kwenye kioo: mifupa, gegedu, kano, kila kitu mahali pake. Lilipanda ngazi. Liliendesha baiskeli. Tusajigwe, ambaye nyumba yake haina ngazi hata moja, alipewa soda na kushukuriwa kwa niaba ya sayansi.

Shida yake ilikuwa kuchuchumaa. Mwanamke wa Kinyakyusa huchuchumaa anaposalimia wakubwa, na Tusajigwe sasa alisalimia wima kama askari. Shemeji yake Andongwisye, kaka wa marehemu mumewe, aliona ni kiburi, akasusa. Bila yeye hakukuwa na wa kuwapokea washenga wa Damaris, binti wa Tusajigwe. Washenga nao hawangesubiri mpaka mavuno.

Kwa hiyo Leonce aliporudi na kompyuta yake, Tusajigwe alimwongoza moja kwa moja hadi Ipyana, nyumbani kwa Andongwisye.

"Mwonyeshe shemeji lilivyoharibika," alimwambia. "Wewe umesoma, atakuamini."

Andongwisye aliwapa viti, akasogeza uso kwenye kioo. Leonce akabonyeza kwa fahari. Goti likajikunja taratibu, likashuka, likachuchumaa hadi mwisho, likainuka.

"Linachuchumaa," alisema Andongwisye.

"Kabisa, mzee. Tumelijaribu hata na mzigo."

"Ni la nani?"

"La mama hapa. Halijapungua hata punje."

Andongwisye akamgeukia Tusajigwe. "Haya, shemeji. Chuo kikuu kizima kimethibitisha."

Leonce akababaika. Alieleza kwamba kompyuta inajua uzito na msuguano, ila haijui maumivu. Maumivu hawakuyaweka.

"Kwa nini hamkuyaweka?" aliuliza Tusajigwe.

"Ni magumu kupima, mama."

"Ungeniuliza. Si nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa soda yenu?"

Andongwisye alicheka mpaka akafuta macho. Alipotulia, sura ya kususa ilikuwa imemtoka, lakini mzee hawezi kurudi nyuma hivi hivi mbele ya mgeni.

"Basi hilo linaloweza ndilo linisalimie," alisema.

Leonce akabonyeza tena. Goti likachuchumaa mbele ya mzee. Tusajigwe, wima nyuma ya kompyuta, akatoa salamu, "Mugonile." Andongwisye akaliitikia goti kwa heshima zote, akasema Jumamosi atakuja kuwapokea washenga.

"Na wewe uje na mashine yako," alimwambia Leonce. "Washenga nao ni wakubwa."

Njiani Tusajigwe aliuliza goti lake litatibiwa lini. Leonce akajibu kwamba mradi wake ni wa kulielewa goti. Wa kulitibu ni mwingine, na bado haujapata mfadhili.

Tusajigwe hakubishana. Alimsihi tu Jumamosi aje na chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika, Damaris haolewi.