Mkono Uliolegea

Fundi wa mawe ya makaburi hakujua kuchora. Wateja wake wengi hawakulijua hilo. Aliyechora ni mkewe, ameketi mlangoni mwa karakana na karatasi magotini. Kazi ya mume ilikuwa kuifuata ile mistari kwa patasi na nyundo.

Na mama yule hakuchora tu, alieleza. Mfiwa akiingia macho yamemvimba, hajui aombe nini, alimpa kiti akamfunulia daftari la alama. Ua lililokatika shina ni la aliyeondoka kijana. Mganda wa nafaka ni wa aliyekula chumvi nyingi. Taa ni ya mwalimu. Ndege anayejidonoa kifua ni wa mama mzazi.

"Na huyu bata anajikuna nini?" mzee mmoja aliwahi kuuliza.

"Si bata, baba. Watu wa kale walisimulia kwamba ndege huyu, njaa ikizidi, hujitoboa kifua akawanywesha wanawe damu yake. Ni hadithi tu. Lakini mama yako umemwona hapo, au sivyo?"

Mzee aliinamia daftari. "Basi nichoree huyohuyo bata," akasema, na machozi yakamtoka.

Kwa wanandoa ilikuwa mikono miwili iliyoshikana. Mkono wa aliyebaki vidole hukaza. Wa aliyekufa hulegea, vidole vimenyooka. Anayejua kusoma alama anatambua mara moja nani kamwacha nani. Kiolezo kilikuwa mikono ya fundi na mkewe wenyewe: walishikana, mke akaulegeza wake, akachora kwa mkono ulio huru.

Maradhi yalipomzidi na hospitali ikasema arudishwe nyumbani, mama alikata shauri.

"Fundi," alimwambia mumewe, maana hata yeye alimwita hivyo, "jiwe langu nataka nilione. Nimewaeleza watu alama zao miaka yote hii. Yangu nielezwe na nani?"

"Acha maneno hayo, mama."

"Nikiyaacha sasa, utayasikia wapi?"

Fundi alichukua mchoro wa zamani wa mikono yao akaingia kazini. Wiki tatu alirudi kula akiwa na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alipomaliza, binti yao alimbeba mama mgongoni, jinsi alivyokonda, akamkalisha mbele ya jiwe. Mama akapapasa. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekaza.

"Fundi, umekosea."

"Sijakosea."

"Wangu ni upi hapa?"

"Huo wa kushoto."

"Mbona bado umeshika?"

Binti akatoka, akijifanya anafuata maji.

"Nilitaka kuulegeza," fundi alisema. "Patasi ikakataa."

"Patasi haina moyo, usiisingizie." Mama alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mume wangu, nimemwomba Mungu anipe nguvu ya kuachia, naye amenipa. Unataka niende udongoni nimeng'ang'ania? Yule ndege ni hadithi, lakini anasema kweli. Hii ni mikono yetu hasa, na inadanganya."

Jiwe likishachongwa halirudishiki. Ilibidi kuanza jingine, na wote wawili walijua kwamba siku alizobakiwa nazo mama hazitoshi.

"Basi tuchore upya, nione walau karatasi," alisema. Lakini penseli ilimponyoka. "Chora wewe."

"Sijui kuchora, mama. Unajua."

"Leo utajua."

Akampa mkono. Ulikuwa mwepesi, una joto la homa. Fundi akaukamata, mama akalegeza vidole, kimoja kimoja, mpaka ukawa umelala tu ndani ya kiganja chake. Alichora, akafuta, akachora tena, na kila mara akajikuta anauvuta kwake.

"Usinivute," mama alimwambia kwa upole. "Uache hivyo hivyo."

Akauacha.

Mama aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Gumba limepinda," akasema. "Mengine ni kweli."

Alifariki siku ya nne, mchana, Mungu amweke pema. Jiwe la pili hakuliona.

Fundi alilichonga kwa kufuata mchoro wake mwenyewe, na gumba lile akaliacha limepinda. Mkono wa mkewe ulimchukua mwezi mzima, kwa sababu kila kidole alikiacha, akatoka nje, akarudi. Wake, uliokaza, aliumaliza asubuhi moja.