Besi Mmoja, Akiwa Hai

Verna Ledbetter alikata mabawa ya kuku kiwandani kwa miaka ishirini na saba, na siku alipostaafu vidole vyake havikuweza tena kufungua chupa ya achari. Ufito wa kuvulia, hata hivyo, viliushika. Kila kiangazi, kabla jua halijayapasha maji yakawa kama ya kuogea, utamkuta kwenye boti yake ya bati katika ghuba ya mashariki ya Ziwa Coley, akirusha chura wa mpira mwenye ndoana juu ya magugu yaliyotanda kama zulia.

Magugu hayo ndiyo yaliyomtia vitani.

Wenye majumba ya upande wa magharibi waliyachukia. Yalinasa boti zao za mbio, yalinuka, yaliwaharibia picha. Bwana Hollis Pickard, mwenyekiti wa chama cha wakazi, alikwisha kuagiza mapipa ya sumu. Ilibaki kura tu. Sisi wa mashariki tulijua kwamba wakati wa joto besi, samaki wa ziwa letu mwenye mdomo mpana, hana kivuli wala chakula ila humo. Kuyaua magugu ni kuliua ziwa, hata likibaki kung'aa kwa ajili ya wageni. Tulisema hivyo kwenye kikao cha Juni, wakatucheka.

"Chini ya uchafu ule hakuna kitu ila tope na nyoka," Pickard alisema.

"Kuna besi mle wanaoweza kumeza hicho kiatu chako," Verna akamjibu.

"Basi niletee mmoja, Bi Verna. Akiwa hai, siku ya kura. Ukimleta, mkono wangu utakuwa wa kwanza kuinuka kuahirisha sumu mwaka mzima."

Watu wakapiga makofi. Pickard hakuwa mjinga. Alijua kwamba kura ni Julai, na kwa joto la Alabama besi aliyenaswa hamalizi saa nyingi kwenye tangi la maji la boti.

Jumamosi ya kura kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri Verna alikuwa majini na binamu yake Royce Tidmore, mtu mnene, mzungumzaji, mwenye mfuko wa karanga za kuchemsha mapajani. Saa kumi na mbili kasorobo maji yalilipuka chini ya chura. Verna akavuta papo hapo, na chura akaruka hewani mtupu.

Kosa hilo ndilo alilowafokea watu maisha yake yote. Besi wa kwenye magugu hupasua maji kwanza, kisha ndipo anafunga mdomo. Asiyesubiri uzi uwe mzito humnyang'anya chakula.

"Chura kaja kukuaga, dada," Royce akasema.

"Nyamaza, Royce."

"Nimenyamaza. Ni karanga hizi zinasema."

Saa moja ikapita, kisha ya pili. Jua likapanda. Walianza kuona magari yakiegeshwa ng'ambo, kwenye ukumbi wa chama. Saa mbili na nusu Verna aliona tundu dogo katikati ya magugu, dogo kama sahani. Akamrusha chura kando yake, akamtembeza polepole mpaka ukingoni, akamwacha.

Maji yalilipuka. Safari hii alijiuma mdomo, macho yameufuata uzi ukizama. Ulipokuwa mzito, akavuta kwa mwili mzima. Samaki akapiga mbizi ndani ya majani na kujiviringisha humo, uzi ukakaza kama umefungwa kwenye kisiki.

"Sukuma boti! Usivute, sukuma!"

Royce akasukuma kwa upondo. Verna akalala kifudifudi, akatia mikono majini mpaka mabegani, akayachimba magugu kama mtu anayetafuta mtoto kwenye kifusi. Alipoinuka, kidole gumba chake kilikuwa ndani ya mdomo mpana, na besi wa kijani mwenye tumbo la krimu alining'inia akipigapiga mkia.

Wakamtia tangini na kugeuza boti. Nusu ya njia Royce, kwa nia njema kabisa, akamimina mfuko mzima wa barafu ya dukani.

"Royce! Hiyo ni ya maji ya bomba! Ina dawa ya kusafishia maji!"

"Si umesema maji ya moto yanamuua?"

"Na wewe unamuua kwa baridi!"

Wakaichota barafu kwa kofia. Besi alikwisha kulala ubavu, mashavu yakifunguka na kufungika kwa shida.

Walipofika gatini pa ukumbi, Verna hakungoja boti ifungwe. Akaruka majini na nguo zake mpaka kiunoni, akamshika samaki kwa mdomo wa chini na kumpeleka mbele polepole ili maji yampite mashavuni.

"Waambie waje hapa," alisema.

Royce akaenda, akarudi anatokwa jasho. "Pickard anasema kikao ni ndani. Mlete apimwe mezani."

"Nikimtoa anakufa. Mwambie alisema hai."

Royce akarudi tena ukumbini. Verna akaendelea kutembeza samaki, mgongo ukimuuma, asijue kama kuna atakayetoka. Kwanza tulitoka sisi wa mashariki. Kisha mke wa daktari wa meno, wa magharibi, akiwa na glasi ya chai. Kisha wengine. Pickard alikuja wa mwisho.

"Huyo amekwisha kufa, Bi Verna."

"Njoo umshike mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Pickard aliangalia watu, akaangalia viatu vyake vyeupe, akashuka majini. Verna akamwonyesha pa kuweka kidole gumba. Mwenyekiti aliinama, akashika. Kwa muda samaki hakufanya lolote. Halafu mkia ukapiga mara moja, kwa nguvu, maji yakamjaa Pickard usoni, na mkono wake ukabaki mtupu.

Alisimama akikitazama kidole chake, kimekwaruzwa na meno madogo madogo. Tulikuwa nyumba ishirini na moja, kila nyumba kura moja.

"Wanaoahirisha," hatimaye alisema kwa sauti ndogo, akainua mkono huohuo uliolowa.

Tulihesabiwa kumi na wawili.

"Umeshinda, dada," Royce akapaza sauti kutoka gatini. "Toka basi!"

"Nitokeje? Magoti yamegoma. Njoo univute, na ole wako uniangushe."