Fundo Lililozidi

Sikuzaliwa mpole. Mama yangu mzazi alikuwa akisema ulimi wangu utanikosesha mume, na nilipoposwa na jumbe mzima alicheka mpaka akakaa chini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu watu wa kwetu, mpaka leo, husimulia kwamba mwaka ule wa vita vya Maji mimi nilikuwa na moyo wa jiwe. Uongo mtupu. Nilikuwa na hofu tangu alfajiri mpaka kulala, na ukali wangu wote ulikuwa wa kuifunika hofu hiyo.

Mume wangu alikuwa amebanwa katikati miaka mingi. Wadachi walimdai pamba, watu wakamdai huruma, na viboko vikamwangukia yeye. Ilipokuja dawa ya maji akanyunyiziwa kama wenzake, akatuaga, akaenda vitani. Baadaye tukasikia amekamatwa, yuko Kibiti, amefungwa mnyororo. Kisha askari wakaja kijijini kwetu, upande wa Umwe, wakachoma nyumba na maghala, tukakimbia.

Tuliojificha msituni, kwenye njia ya kwenda Ruaruke, tulikuwa kama watu arubaini: wanawake, watoto, na wazee wachache wasioweza kubeba bunduki. Hawakunichagua niwaongoze. Walizoea tu kuja mlangoni kwetu kuuliza, na ingawa mlango ulikwisha kuungua, waliendelea kuuliza. Twende wapi? Tule nini? Mtoto anaharisha, tufanyeje? Mimi nikajibu kwa sauti kubwa mambo nisiyoyajua.

Tumaini letu lilikuwa moja. Mama mkwe wangu, mama wa jumbe, alikimbia na mbegu za mahindi amezifunga kwenye pindo la nguo. Mto ulipopungua tulizipanda kwenye tope, kwetu huitwa mahindi ya mlau, na kazi yangu ikawa kuwafikisha watu wote wakiwa hai mpaka mahindi hayo yakomae. Baina yetu na mahindi hapakuwa na chakula ila ndiga.

Ndiga ni kiazi cha mwituni, na kina sumu. Humenywa, hukatwa vipande, hutiwa kwenye tenga na kulazwa katika maji yanayokwenda kwa siku nne kamili, ndipo huchemshwa. Ukipunguza siku umeua watu. Mama mkwe alikwisha kuiona njaa utotoni mwake, yeye ndiye aliyenifundisha, akanifundisha na mwiko wake: aliyeloweka ndiye anayeonja. Hula vipande viwili mbele ya watu wote, hukaa ameegemea nguzo mpaka kivuli cha nguzo kifike kwenye jiwe lililowekwa, na watu humtazama. Akisalimika, wengine hula.

Basi kila tulipoipua chungu mimi nilionja. Hebu fikiri, macho ya watu arubaini wenye njaa yanakutazama kama utakufa au hutakufa, na watoto wanameza mate. Nilikuwa nikiwatania nikiwa pale nguzoni, nawaambia nikifa wasigombee sufuria yangu. Walicheka. Alfajiri nilikwenda kijitoni peke yangu, nikainama kama ninayenawa, nikalia uso ukiwa ndani ya maji, kisha nikafunga fundo moja kwenye kamba ya ukindu iliyoning'inia juu ya tenga. Fundo moja kila siku, ndiyo iliyokuwa hesabu yetu. Nikirudi, mama mkwe aliyatazama macho yangu mekundu akasema moshi umezidi siku hizi. Nilimjibu ovyo. Tulikuwa hatupendani sana, nisidanganye.

Siku moja, tenga likiwa limelala usiku mmoja tu majini, nilikuwa nimekwisha kufunga fundo la alfajiri nikamwona mtu anatoka vichakani. Alikuwa mpagazi aliyetoroka msafara wa Wadachi, anatokea Kibiti. Alinijua. Akaniambia mume wangu amenyongwa, yeye mwenyewe ameuona mwili.

Nilimwambia akilisema hilo mbele ya watu nitamkata ulimi. Maskini yule hakuwa na kosa lolote. Alikwenda zake bila hata kunywa maji.

Nilijua sheria. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki, watu humhudumia. Nani angenihudumia pale? Nani angechimba ndiga, nani angeamua ugomvi, nani angewazuia wale waliokuwa wakisema kila siku heri twende barabarani tukajisalimishe? Wawili walikwenda hivyo na hawakurudi. Nikajiambia nitamlilia mume wangu mahindi yakishakomaa. Nikarudi kambini, nikapiga kelele kama kawaida, nikagawa kazi, nikamkemea mama mkwe kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Jioni nikarudi kijitoni, akili haipo, nikaiona kamba, nikafunga fundo.

Kamba ilipofika mafundo manne tuliliopoa tenga, tukachemsha chungu cha kwanza. Nilipopokea sahani mikono ilinitetemeka mpaka vipande vikataka kumwagika. Mama mkwe akainuka, akainyakua. Akasema leo ataonja yeye. Nilikataa. Akanikumbusha, mbele za watu, kwamba yeye ndiye aliyemzaa mume wangu, na mke wa mwanawe hambishii hadharani. Nikamwachia sahani. Ukweli wenyewe ni kwamba nilifurahi kupumzika, na furaha ile sijaisamehe mpaka leo.

Akala, akaegemea nguzo. Kivuli hakikufika nusu ya njia akaanza kutokwa na mate, kisha miguu ikamcheza. Nikakimbia kijitoni. Mafundo yalikuwa manne. Nikahesabu siku kwa vidole, zikawa tatu. Nikahesabu tena. Tatu.

Tulimtapisha, tukamnywesha maji, hakuna kilichosaidia. Nilimpakata. Ulimi ulikuwa umemwia mzito lakini maneno yalisikika.

“Mwanangu amekufa, sivyo?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Ungeniambia,” akasema. “Tungelia, halafu tungehesabu pamoja.”

Alasiri akafariki.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nikasimama mbele ya wale watu nikiwa nalia, kamasi zinanitoka, nikawaambia yote: jumbe amenyongwa, nilijua, nilificha, nimekosea hesabu, na kosa langu limemuua huyu mama. Nilingoja wanipige, au waondoke zao barabarani. Watu waliangua kilio, kila mmoja na mfu wake, kilio tulichokibana tangu nyumba zilipoungua. Kilipotulia, mzee mmoja aliuliza tenga lirudishwe majini kwa siku ngapi. Nikasema moja. Akasema mbili, mkewe aliyekuwa kando yake akasema mbili, na mimi nikakubali mbili.

Tulimzika mama mkwe karibu na shamba alilolipanda. Eda yangu niliikaa nikichimba ndiga, Mungu anisamehe. Tangu siku hiyo fundo lilifungwa na watu wawili, na asubuhi sikwenda tena kijitoni peke yangu. Aliyekuwa na kilio alilia pale pale, kisha tulihesabu.

Mahindi yalikomaa. Waliokufa kwa njaa na homa kabla hayajakomaa walikuwa watatu, ila kwa ndiga hakufa mwingine. Siku ya kwanza tulichoma mabichi, harufu ikajaa kambi nzima, mwenye njaa hana miiko, nami nilidhani watanyang'anyana. Hakuna aliyegusa. Nikawauliza wanangoja nini, mahindi hayana sumu. Walinitazama, kisha wakaitazama nguzo. Nikachukua hindi moja, nikala mistari miwili, nikaenda kuegemea nguzo. Nikamlilia yule mama kwa sauti, mbele yao, na watu arubaini kasoro wakangoja na njaa yao mpaka kivuli kilipofika kwenye jiwe.